Masika ya Kusikia

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Haikuwa kubwa wala haikuja na upepo, lakini chumba chetu hakina dari, na kila tone lililogonga bati nililisikia peke yake, kama mtu anayenidonoa paji la uso kwa kidole.

Wifi alinikuta kitandani na mto kichwani. Ni dada wa mume wangu, na kila asubuhi hunipitia twende kazini kwenye tanuri la mikate. Alisimama mlangoni akanitazama. "Wifi, hiyo ni mvua tu. Toka humo." Mume wangu akacheka. Mtaa mzima unamwita Fundi kwa sababu ya redio na spika anazotengeneza sebuleni kwetu, na hata mimi nimezoea kumwita hivyo. Nami nikacheka. Ukiishi na watu unacheka nao.

Nimeamua kuandika mpaka mvua ziishe. Nina kifafa tangu usichana. Kililala miaka mingi kwa dawa, mwaka jana kikaamka. Kikinijia napoteza vipande vya siku, kisha Fundi anakisimulia kipande hivi, dada yake anakisimulia vile, na mimi niliyekuwamo sina la kusema. Nataka nami niwe na masimulizi yangu, hata kama yana matundu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimekata lebo za nguo zangu zote kwa wembe. Blauzi moja nimeitoboa.

Jumapili, 9 Machi

Fundi alishinda nyumbani akilehemu. Moshi wa risasi ya kulehemu yeye haumsumbui, anasema ni manukato ya kazi. Mimi unanikwaruza nyuma ya macho.

Mchana nilikuwa naosha vyombo. Akaja nyuma yangu akaniwekea vidole begani, taratibu mno, kama anayegusa waya asioujua kama una umeme. Mwili wote ukaniruka. Sahani ikaanguka.

"Samahani," akasema.

"Samahani ni yangu."

Tukabaki tunatazamana kama wagonjwa wawili kwenye benchi la hospitali, kila mmoja hajui mwenzake anaumwa nini. Nampenda. Naliandika hili ili nikilisoma baadaye nisibishe. Ngozi yangu ndiyo haijaambiwa.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimewatoa watu wote nje kwenye mvua.

Kazini mimi napima unga na kupaka trei mafuta. Wifi anasimamia mashine ya kukandia, dude la chuma linalonguruma kutwa. Mwenye tanuri tunamwita Mama Trei, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona mikono mitupu. Mikate ya awamu ya pili ilikuwa imeshaingia ndani niliposikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Ilikuwa karibu, ya kweli, ya kushikika. Nikapiga ukelele: moto.

Mama Trei akazima umeme. Tukatoka mbio, tukasimama nje na aproni zetu, tunalowa. Walinusa nyaya, wakanusa magunia, wakapanda hadi juu ya stoo. Hakukuwa na kitu. Na nikiwa nimesimama pale, sauti ya mvua ikasogea, ikaniingia kama watu wanaosukumana kwenye mlango mwembamba, kisha sijui. Nilijikuta nimekaa juu ya gunia, wifi ameshika kikombe cha maji.

Ndivyo kinavyonijia siku hizi. Mara nyingi sianguki, nabaki nimetoa macho tu. Kwanza harufu, halafu sauti zinakaribia, halafu sipo.

Mikate iliharibika. Mama Trei hakunifokea. Alisema mbele ya wote, kwa upole kabisa, "Siku nyingine ukisikia moto, mama, jiulize kwanza kama ni wa kwetu au ni wa kwako."

Njiani wifi akasema, "Afadhali angekutukana." Sikujua kama ananitetea au ananicheka. Kwa wifi huwa sijui.

Jumamosi, 15 Machi

Nguo hazikauki. Nimevaa unyevu kutwa, nausikia kila inchi.

Ijumaa, 21 Machi

Tumekwenda kliniki, mimi na Fundi. Daktari ni mdogo kwangu kwa umri, ana sauti ya chini, Mungu ambariki.

"Unasikia nini kabla ya tukio?"

"Nasikia harufu ya kuungua."

"Na kingine?"

"Sauti za mbali nazisikia karibu. Na nguo nazisikia."

Akainua kichwa. "Nguo unazisikiaje?"

Nikamweleza. Mshono wa bega ukiguswa na ngozi asubuhi, jioni bado unaniambia upo. Kijiko kikigonga sahani najisikia kama nimechanjwa kwa wembe. Mtu akila karibu yangu natamani kutoka nje. Hayo si ya kabla ya tukio tu, ni ya kila siku, ila mwaka huu yamezidi.

Fundi akaingilia, "Daktari, mke wangu anasikia kila kitu isipokuwa mimi."

Alikuwa anatania na daktari alitabasamu, lakini utani wenyewe ulikuwa na mfupa ndani.

Niliwaza wakati daktari anaandika. Sisi tunasikia kelele, tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia maumivu. Vyote tumevitia kapu moja na hatujawahi kulalamika. Kwangu labda kapu ndilo limepasuka.

"Kwa hiyo hili la kelele na nguo ndicho kifafa chenyewe?" nikauliza.

"Inawezekana."

"Au ni dawa?"

"Nalo linawezekana."

"Au ndivyo nilivyo?"

Akaweka kalamu chini. "Wapo wagonjwa wa kifafa wanaonieleza mambo kama haya, na si wachache. Kama kimoja kinazaa kingine, au vyote viwili vimetoka tumbo moja, au vimekutana tu kwako kama wapangaji, hilo leo siwezi kukuambia. Hata waliosoma kunizidi bado wanabishana."

Akaniandikia kipimo cha umeme wa ubongo. Niliingia na swali moja, nimetoka na ukoo mzima wa maswali. Fundi alinishika mkono kuvuka barabara, kwa ncha za vidole. Nilivumilia mpaka ng'ambo.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Harufu mara moja, sikusema kitu. Ilipita.

Jumamosi, 29 Machi

Harufu tena, nikiwa nyumbani. Nilikwenda sebuleni kuuliza kama kuna kinachoungua. Fundi akaonyesha chuma chake cha kulehemu bila kugeuka, "Kila siku kuna kinachoungua hapa." Basi nikakaa kwenye kiti nikisubiri kujua. Kama ni risasi, nitabaki. Kama ni mimi, nitaondoka. Nilibaki. Lakini kule kungoja, sijui nani anaweza kuishi hivyo.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimepimwa. Waya kichwani, gundi kwenye nywele, taa inayowaka na kuzima. Gundi imegoma kutoka. Nimelia kwa ajili ya gundi, mtu mzima mimi.

Jumanne, 8 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Mvua ilikuwa kubwa, tanuri zima linavuma, wifi anaendesha mashine na kuimba juu ya mngurumo. Nilikuwa napaka trei. Nikaisikia. Kitambaa kinachoungua, ile ile, upande ule ule wa pua, kama mgeni anayejua njia.

Nikajiuliza, kama nilivyoagizwa. Ni ya kwetu au ni yangu? Nikatazama watu. Mama Trei anahesabu mikate. Wifi anaimba. Hakuna aliyeinua pua. Nikajiambia, ni yako, kaa chini kabla hujaanguka juu ya trei. Nikakaa kwenye gunia, nikashika magoti, nikangoja sauti zisogee. Hazikusogea. Nikaendelea kungoja. Nakumbuka nilishangaa kidogo, nikafikiri leo kimechelewa.

Kisha wifi akaacha kuimba. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka chini ya mashine. Aliinama kuchomoa waya, na soketi ikatema cheche kubwa nyeupe. Yowe lake sikulisikia kwa masikio, nililisikia kwenye meno.

Mama Trei akazima umeme, mwingine akaleta maji. Mota ilikuwa imeungua ndani kwa ndani muda wote niliokaa. Kiganja cha kulia cha wifi kilikuwa kimekunjamana, chekundu na cheupe. Wakati wanamfunga kitambaa chenye maji alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Wewe ulisikia," akasema. "Nilikuona ukikaa."

"Nilisikia."

"Na ukanyamaza."

"Nilidhani ni mimi."

Wakampeleka hospitali. Mama Trei akaniambia nikapumzike nyumbani mpaka atakaponiita, na safari hii upole wake ulikuwa kama kufungiwa mlango kwa kitasa kisicholia.

Nimefikiri jioni nzima. Nilipopiga kelele nilikosea, niliponyamaza nimekosea. Watu wengine wanaamini pua zao bila kujua kuwa wanaamini. Mimi yangu imenidanganya, halafu ikaniambia ukweli kwa sauti ile ile.

Ijumaa, 11 Aprili

Wifi hajanipitia. Bila shaka hajanipitia, mkono wake una bandeji na mimi sina kazi. Bado asubuhi nilivaa nikakaa karibu na mlango.

Jumatatu, 14 Aprili

Fundi ameletewa spika kubwa za ukumbi, azijaribu kabla ya Jumamosi. Aliniambia mapema, sikatai. Nilijitia pamba masikioni nikaingia chumba cha ndani. Alipoziwasha, ukuta ulitetemeka, na mimi nilitoka mbio mpaka chooni uani, nikakaa humo na mlango nimeushika. Alinifuata.

"Toka, nimezima."

"Nakuja."

"Mke wangu, nyumba hii inakula kwa kelele. Unataka nitengeneze redio zisizolia?"

"Sijasema hivyo."

"Husemi chochote. Nikiwasha unakimbia, nikikugusa unaruka. Nimekuwa nanyata kama mwizi ndani ya nyumba yangu. Niambie basi nifanye nini."

Ningejua ningemwambia. Nilimjibu, "Sijui," kupitia mlango wa choo. Nilimsikia akisimama pale kwenye mvua kwa muda, kisha viatu vyake vikaenda. Tangu jioni amehamishia godoro sebuleni, katikati ya redio za watu.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimempigia mama simu. Anaishi mbali na hupenda kunijibu kwa habari za majirani, lakini leo nilimkatiza nikamuuliza nilikuwaje kabla sijaanza kuanguka.

"Ulikuwa msumbufu," akasema, kama anayetaja urefu wangu. "Nikifagia unalia. Nikikuvika sweta unalia. Shangazi yako alisema una kiburi cha tangu tumboni."

"Kabla ya kifafa?"

"Kabla mwanangu, ukiwa hata kutembea hujui. Nikikubeba mgongoni legelege ulikuwa unapiga kelele njia nzima. Nikikukaza mpaka mimi mwenyewe sipumui, ndiyo unalala."

Kwa hiyo hili lilitangulia. Au kifafa nacho kilikuwepo, kimejificha, na kulia kwangu ndiko kulikuwa kubisha kwake hodi. Nimekata simu nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoipiga. Nilitaka mtu aniambie lilianza lini ili nijue wa kumlaumu.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Mimi na Fundi tunasalimiana tu.

Jumapili, 27 Aprili

Wifi amekuja. Alisimama mlangoni palepale anaposimama siku zote, mkono mweupe wa bandeji kifuani. "Twende sokoni. Mimi siwezi kubeba, na wewe huna kazi."

Njiani nilitembea nyuma yake. Nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba radhi, nikashindwa kuyapata. Sokoni mvua ilikuwa imesukuma watu wote chini ya mapaa. Wauza nyanya wanaita, mashine ya kusaga inanguruma, mtu anagonga sufuria kuzitangaza, maji yanamwagika kwenye turubai. Nilisimama mbele ya vitunguu nikasikia harufu ile.

Safari hii nilisema. "Wifi, unasikia kitu kinaungua?"

Akanusa, kwa makini, kama anayeonja chumvi. "Sisikii. Ni yako. Kaa chini."

Ndilo la mwisho ninalolijua. Mengine amenisimulia yeye, na nimeamua kumwamini. Nilianguka kabisa, kama zamani. Watu wakajaa. Mwanamume mmoja alitaka kunitia kijiko mdomoni, wifi akamwambia akiingize mdomoni mwake kwanza tuone faida yake. Alinigeuza ubavu, akanitia mtandio wake chini ya kichwa, akawafukuza watu, akangoja.

Kurudi kwangu nakukumbuka, kwa sababu ndiyo huwa sehemu mbaya. Sauti zote zinarudi pamoja na hakuna inayojua mahali pake. Nilikuwa nalia na kujikwaruza mikono. Wifi akapiga magoti nyuma yangu akanibana kwa mikono yote miwili, ule wa bandeji pia, akanikaza kama anayefunga mzigo wa safari ndefu. Sokoni pakatulia. Sijui niandikeje. Mashine bado ilisaga, watu bado waliita, lakini kila sauti ilirudi kukaa kwa mwenyewe.

"Mkono wako," nikasema nilipoweza.

"Unauma. Usitingishike."

Tulikaa kwenye matope mpaka nikawa mtu. Kisha nikamwambia, siku ile nilidhani ni mimi. Akasema, "Najua. Ndiyo maana nimekasirika siku chache tu. Siku nyingine niulize. Pua yangu haina kazi nyingine." Hakusema amenisamehe. Alisema vitunguu vimepanda bei, akanibebesha kapu.

Ijumaa, 2 Mei

Kliniki. Kipimo kimeonyesha palipo na shida, upande mmoja juu ya sikio. Daktari amebadilisha dawa. Nilimuuliza kama mabati na nguo navyo vitatulia. Akasema tutaona.

Jumanne, 6 Mei

Usingizi mzito. Mdomo una ladha ya chuma.

Jumamosi, 10 Mei

Mama Trei ameniita. Mashine ni mpya, ina sauti nyembamba mbaya zaidi. Wifi sasa anapima unga kwa mkono wa kushoto, mimi napaka trei karibu yake. Asubuhi nilimuuliza, "Unasikia?" Akasema, "Nasikia, ni mkate wa Mama Trei umeshika chini." Akaenda kumwambia. Mara ya pili nilimuuliza, akasema, "Sisikii." Nikakaa kwenye gunia. Harufu ikaja, ikapita, sikupotea. Mama Trei alituona tunaulizana, akasogeza gunia karibu na ukuta nipate pa kuegemea. Upole wake nilikuwa nimeuhukumu vibaya. Au labda leo tu ulikuwa wa aina nyingine.

Alhamisi, 15 Mei

Harufu imeacha kuja. Lakini mvua ya leo juu ya bati ni ile ile ya Machi, tone kwa tone. Nilidhani wapangaji hawa wangeondoka pamoja kama walivyokuja. Kumbe mmoja kafunga virago na mwingine bado anakaa, au anasuasua tu, au huyu hakuwa mgeni. Nimemwambia wifi. Akasema, "Basi nusu ya wewe ni mgonjwa na nusu ni mkorofi wa kuzaliwa, tulia." Nilicheka, na leo nilikuwa naona cha kuchekesha.

Jumanne, 20 Mei

Fundi alinikuta asubuhi wifi akinibana mabega kabla hatujatoka. Ndiyo desturi yake sasa, anasema ananifunga bolti. Fundi alitutazama, akaingia sebuleni, akafunga mlango.

Jioni niliporudi hakuwa analehemu. Redio zote zilikuwa kimya, amekaa katikati yazo.

"Dada yangu anakushika kwa nguvu zote, hukunji hata uso," akasema. "Mimi nakugusa kama yai, unaruka. Nimekukosea nini?"

Nilisimama na mkoba wangu. Nilimwona usoni jinsi alivyokonda masika haya, na nikaona pia jambo ambalo lilikuwa mbele yangu wakati wote. Kila nilivyoruka ndivyo alivyozidi kuulegeza mkono. Ameulegeza kwa kunihurumia mpaka umekuwa kama mdudu anayetambaa. Na mimi nilikuwa nautoroka mkono, yeye akadhani nautoroka moyo.

"Hujanikosea. Unanigusa kidogo mno."

"Kidogo?"

"Vidole vyako vinanitekenya mpaka naumia. Usinipapase. Nikandamize."

Akanitazama kama nimemletea redio isiyo na skrubu hata moja. "Na huo ni ugonjwa, au ni wewe?"

"Sijui. Daktari hajui. Mama naye hajui."

"Nani atajua?"

"Huenda asijue mtu."

Alisimama. Nikakaa kwenye kiti chake cha kazi, nimempa mgongo. Akaweka kiganja begani, chote, na nikasikia jinsi anavyoogopa.

"Hivi?"

"Zaidi."

Akaongeza uzito. "Nitakuumiza."

"Bado."

Basi akaja na uzito wake wote, mikono miwili mabegani, akaniegemea kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na upepo. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati na niliisikia, lakini niliisikia juu ya bati. Tulikaa hivyo muda mrefu, mpaka mikono yake ikaanza kuchoka, nikamwambia apumzishe mmoja mmoja.